Kazi Moja, Mizani Mbili



Kitabu cha Mithali kinafundisha kwamba kutumia vipimo viwili, kimoja kwa huyu na kingine kwa yule, ni chukizo mbele za Mungu. Mama anayeuza unga katika soko la Kenya, hapa Lubumbashi, hahitaji kusomea teolojia ili alielewe fundisho hilo. Akikutwa na makopo mawili, moja zima kwa mteja anayemheshimu na jingine lililobonyezwa chini kwa mteja anayemdharau, soko zima litamzomea. Hakuna atakayesimama kumtetea kwa kusema kwamba unga ni wake na kopo ni lake.

Tunauliza basi: jambo ambalo soko halimvumilii mama maskini, kwa nini nchi yetu inawavumilia matajiri wa shaba na kobalti? Katika migodi ya Lualaba na Haut-Katanga, watu wawili wanaweza kuendesha mtambo wa aina moja, kwa zamu moja, katika vumbi moja, kisha mwisho wa mwezi mmoja akapokea mshahara unaozidi wa mwenzake mara nyingi, kwa sababu tu mmoja alitoka ng'ambo na mwingine alizaliwa hapa. Hula katika vyumba viwili, hulala katika kambi mbili, na majina yao huandikwa katika orodha mbili. Wengi wetu wamezoea hata hawashangai tena. Kuzoea huko kunatutia hofu kuliko tofauti yenyewe.

Hoja yetu ni hii. Ubaguzi wa rangi katika kuajiri na katika kulipa haukuondoka pamoja na mkoloni, ulibadili jina. Kwanza uliitwa ngozi, kisha ukaitwa ustaarabu, kisha dipoloma, na leo unaitwa mkataba. Kwa kuwa kila mara huja na jina jipya, kila kizazi hudanganyika kwamba hili ni jambo jingine. Sisi makatekista na walimu, ambao vijana wetu hupanda malori ya makampuni kabla ya jua kuchomoza, tunaona ni wajibu wetu kuyataja majina hayo yote manne, ili lile la nne lisiendelee kujificha.

Jina la kwanza lilikuwa ngozi, nalo halikufichwa. Union Minière du Haut Katanga iliundwa mwaka 1906. Mji wa Elisabethville, ambao ndio Lubumbashi ya leo, ulianzishwa mwaka 1910. Tangu mwanzo palikuwa na vitabu viwili vya malipo. Mzungu alihesabiwa mshahara wa kutunza jamaa yake, kuweka akiba na kurudi kwao kupumzika. Mwafrika alihesabiwa faranga chache, posho, blanketi na chumba kambini. Na posho hiyo ilisemwa kuwa fadhili ya kampuni, ingawa ilikuwa sehemu ya jasho lake mwenyewe. Kati ya mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika uliachwa uwanda mtupu wa kuwatenganisha. Zilikuwapo kazi ambazo Mwafrika hakuweza kupewa hata kama alizijua kuliko bwana wake. Aliweza kuwa kapita juu ya Waafrika wenzake, lakini hakuna Mzungu aliyewekwa chini ya amri yake.

Hatuwezi kuficha kwamba wakati ule Serikali, kampuni na misheni vilikuwa kama mafiga matatu chini ya chungu kimoja. Shule za misheni zilitufundishia baba zetu kusoma na kuandika, na kwa hilo tunashukuru. Lakini elimu ile ilipimwa: itoshe kumpata karani, fundi seremala, msaidizi wa daktari, isifike kumpata mhandisi wala mkurugenzi. Anayelipenda Kanisa halazimiki kuificha historia yake; analazimika kuhakikisha kwamba haijirudii.

Dhuluma hiyo haikupokelewa kimya. Mwezi wa Desemba 1941, wakati vita vya dunia vilipoongeza haja ya shaba na bei za vitu zikapanda, wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza. Wafanyakazi Wazungu walikuwa na vyama vyao. Waafrika hawakuruhusiwa kuunda vyao hadi mwaka 1946, tena chini ya jicho kali la Serikali. Tarehe 9 Desemba, katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, askari waliwafyatulia risasi wagomaji. Makumi ya watu walikufa, miongoni mwao Léonard Mpoyi, mmoja wa wasemaji wao. Tukumbuke jambo moja juu ya watu hao: hawakudai wapewe mgodi. Walidai ujira unaostahili kazi yao, na jibu lilikuwa risasi.

Baada ya vita haikuwa rahisi tena kutamka hadharani kwamba Mweusi hulipwa kidogo kwa kuwa ni Mweusi. Likatafutwa jina la pili, nalo ni ustaarabu. Mkongo aliambiwa: ukistaarabika kama sisi, utahesabiwa kama sisi. Mwaka 1948 ikaanzishwa kadi ya sifa za kiraia, na mwaka 1952 ukafuata utaratibu ulioitwa immatriculation. Aliyeomba alikaguliwa hadi nyumbani mwake: jinsi anavyokula, jinsi anavyoishi na mkewe, jinsi nyumba yake ilivyopangwa. Patrice Lumumba, wakati huo karani wa posta huko Stanleyville, aliandikishwa hivyo mwaka 1954. Hadi siku ya uhuru, waliofaulu walikuwa mia chache tu katika nchi yenye mamilioni ya watu. Tena aliyefaulu aligundua upesi kwamba kadi ile ilimpa sifa, lakini haikumpa mshahara wa Mzungu aliyeketi naye ofisini.

Ndiyo maana makarani wa Serikali, katika chama chao cha APIC, walishikilia dai moja: kwa kazi sawa, mshahara sawa. Na mwezi wa Julai 1956 kundi la walei Wakatoliki wa Léopoldville, akiwemo Joseph Iléo, wakisaidiwa na Padri Joseph Malula ambaye baadaye alikuwa Kardinali, walitoa manifesto yao katika gazeti la Conscience Africaine, wakidai ukombozi wa nchi na usawa wa watu bila kujali rangi. Tunalitaja hilo kwa makusudi. Leo wako wanaotuambia kwamba mambo ya mishahara si ya walei, na kwamba kazi yetu ni kwaya na sadaka. Wanaosema hivyo hawawajui waliotutangulia.

Jina la tatu lilikuwa dipoloma. Mwaka 1959 Serikali ya kikoloni ilikubali hatimaye kanuni moja kwa watumishi wake wote, weupe na weusi. Katika karatasi rangi ikafutwa. Lakini vyeo viligawanywa kwa dipoloma, na dipoloma za vyeo vya juu ndizo zile zile ambazo Mkongo alikuwa amenyimwa kwa nusu karne. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, na kile cha Elisabethville mwaka 1956, miaka michache tu kabla ya uhuru. Ni kumfungia mtoto mlango wa shule, kisha kumdai cheti mlangoni pa kazi.

Jeshi lilitoa mfano ulio mchungu kuliko yote. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Force Publique haikuwa na ofisa Mkongo hata mmoja. Siku chache baadaye Jenerali Janssens, Mbelgiji aliyeliongoza jeshi hilo, aliwaandikia askari ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Maasi yalilipuka mara moja, na nchi changa ikaingia katika moto ambao majivu yake tuliyarithi sisi. Asiyeamini kwamba ubaguzi wa vyeo unaweza kuivunja nchi, na atazame yaliyotokea katika majuma mawili ya kwanza ya mwezi huo wa Julai.

Mtu atasema kwamba dawa ya jina la tatu ni shule: watu wasome, na tofauti itakwisha. Sisi walimu tungefurahi kama ingekuwa hivyo. Lakini tazameni ndugu zetu walio Ubelgiji. Mwaka 2017 Wakfu wa Mfalme Baudouin ulitoa utafiti juu ya raia wa nchi hiyo wenye asili ya Kongo, Rwanda na Burundi. Takriban asilimia 60 kati yao walikuwa na dipoloma za masomo ya juu, kiwango kinachopita kile cha wakazi kwa jumla. Hata hivyo ukosefu wa kazi kwao ulikuwa takriban mara nne ya wastani wa nchi, na wengi waliopata kazi walifanya kazi zilizo chini ya masomo yao. Dipoloma ipo, lakini mlango haufunguki. Basi tuache kudanganywa: palipo na ubaguzi, dipoloma hutajwa kwa asiye nayo, na kwa aliye nayo hutafutwa neno jingine.

Neno hilo jingine, kwetu leo, ni mkataba. Hapa tunaomba wasomaji wetu wawe makini, kwa sababu jina la nne ni la kisheria, lina muhuri na sahihi, na kwa hiyo linaonekana safi. Kampuni haisemi kwamba inamlipa Mkongo kidogo. Inasema kwamba huyu ni mgeni aliyeajiriwa kwa mkataba wa ng'ambo, na yule si mfanyakazi wake kabisa, bali ni wa kampuni ndogo iliyopewa zabuni ya kuleta watu. Mashirika mawili ya kutetea haki, RAID la Uingereza na CAJJ la Kolwezi, yalichunguza migodi mitano mikubwa ya kobalti na kutoa ripoti mwezi wa Novemba 2021. Yalikuta kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi walikuwa wameletwa na kampuni ndogo kama hizo, kwa mishahara ya chini na ulinzi hafifu. Yalisikia pia kutoka kwa wafanyakazi habari za matusi, za kupigwa, na za chakula cha Wakongo kisicholingana na kile cha wageni.

Mbinu nyingine ni za kimya zaidi. Tangazo la kazi hudai lugha ya kigeni ambayo kazi yenyewe haiihitaji, na hapo Mkongo amekwisha kuondolewa kabla ya kuulizwa anajua nini. Mhandisi Mkongo huitwa msaidizi wa mgeni, ingawa ndiye anayemfundisha mgeni huyo njia za mgodi. Cheo chake hakipandi, na mshahara hufuata cheo. Mkataba wa muda mfupi hukatwa na kuandikwa upya, tena na tena, ili mfanyakazi asihesabiwe miaka yake. Katika hayo yote hakuna aliyetaja rangi. Lakini zipangeni orodha mbili mezani, mtazame nani yumo katika ipi, nanyi mtaiona rangi ile ile ya mwaka 1910.

Tunajua majibu yanayotolewa, na ni haki tuyapime moja moja.

La kwanza ni kwamba mgeni ameacha nyumba yake, basi lazima alipwe zaidi. Sehemu ya jibu hilo ni kweli, nasi tunaikubali. Aliyetoka mbali apewe nauli, nyumba na marupurupu ya ugeni. Lakini marupurupu ni kitu kimoja, na mshahara wa kazi ni kitu kingine. Mshahara wa kazi hulipia kazi, na kazi haijui aliyeifanya alizaliwa wapi. Tena, kijana wa Kananga au wa Bukavu anayekuja kufanya kazi Fungurume naye ameacha nyumba yake. Mbona ugeni wake haulipwi?

La pili ni kwamba Wakongo hawana ujuzi. Neno hili linatushangaza likisemwa Katanga. Serikali ilipoitwaa Union Minière, mwaka 1967, kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines ilifundisha vizazi vya mafundi na wahandisi Wakongo, na katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Gécamines ilianguka kwa sababu nyingi, na uongozi mbaya wa nchi ulikuwa mojawapo. Mikono ya mafundi wake haikuwa sababu. Kisha, tangu mwaka 2003, katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Walikuwa watu waliojua kuyeyusha shaba, kutengeneza mitambo, kupima ardhi. Makampuni mapya yalifika na kukuta ujuzi huo umekaa vibarazani Likasi na Kolwezi. Yanaposema kwamba ujuzi haupo, yanatuambia kwamba hayakuutafuta.

La tatu ni tishio: mkidai sana, makampuni yataondoka. Yataenda wapi? Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka katika ardhi yetu. Kiwanda cha nguo kinaweza kuhamishiwa nchi nyingine. Kilima cha Kolwezi hakihamishwi. Mwenye kutishia kwamba ataondoka anajua vizuri kuliko sisi kwamba hana pa kwenda, na hofu yetu ndiyo faida yake.

La nne linatuumiza zaidi, kwa sababu linachukuliwa kutoka katika Injili. Tumewasikia waajiri Wakristo wakitaja mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu: mwenye mali si ana uhuru wa kufanya apendavyo na kilicho chake? Wausome mfano huo hadi mwisho. Mwenye shamba yule hakumpunguzia mtu yeyote. Aliyepatana naye dinari, alimpa dinari kamili. Kisha akawatazama wale ambao hakuna aliyewaajiri tangu asubuhi, akawapa nao kipato cha siku nzima, kwa kuwa tumbo la aliyeajiriwa saa kumi na moja lina njaa ile ile. Uhuru wake aliutumia kuwainua wa mwisho. Kuutumia mfano huo kuhalalisha kumpunja Mkongo ni kuugeuza kichwa chini miguu juu.

Fundisho la Kanisa halina utata hapa. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alieleza kwamba makubaliano peke yake hayatoshi kuufanya mshahara uwe wa haki. Mtu anayekubali ujira usiotosha kwa kubanwa na shida ametendewa jeuri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulisema kwamba kila ubaguzi katika haki za msingi za mtu, uwe wa rangi au wa hali ya maisha, unapingana na mpango wa Mungu. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba mshahara wa haki ndicho kipimo cha kujua kama mfumo mzima wa uchumi ni wa haki. Kwa kipimo hicho, migodi yetu inajihukumu yenyewe.

Sheria ya nchi nayo iko wazi. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 36, inakataza mtu kudhulumiwa kazini kwa sababu ya asili yake, jinsia yake, maoni yake au imani yake. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema kwamba kazi ikiwa sawa, ujuzi ukiwa sawa na mazao ya kazi yakiwa sawa, mshahara uwe sawa kwa wote, bila kutazama asili. Mwaka 2001 nchi yetu iliuthibitisha Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, unaopinga ubaguzi katika ajira. Basi anayedai usawa haombi sadaka. Anaomba sheria itekelezwe.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumesema nusu ya ukweli. Sheria ya mwaka 2017 kuhusu zabuni ndogo iliweka kazi hizo mikononi mwa makampuni yenye mtaji wa Wakongo, nayo ilikuwa nia njema. Matokeo yake yako wapi? Wengi wa wanaochukua watu mitaani, wakawapeleka mgodini na kubaki na sehemu ya mshahara wao, ni Wakongo kama sisi. Wengine wana viti vya mbele kanisani. Mgeni anamlipa Mkongo tajiri bei ya kichwa, na Mkongo tajiri anampa Mkongo maskini kilichosalia. Ngozi ni moja, mizani ni zile zile mbili.

Na liko jambo zito zaidi. Anayepokea ubaguzi kutoka juu hujifunza kuugawa chini. Katika miaka ya 1992 na 1993, hapa Katanga, maelfu kwa maelfu ya ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika kazi na nyumba zao. Wengi wao walikuwa wajukuu wa wale walioletwa na Union Minière kujenga migodi hii. Hadi leo liko swali linaloulizwa kwa sauti ya chini katika ofisi za kuajiri: huyu ni wa wapi? Anayemwuliza Mkongo mwenzake swali hilo hana kinywa cha kumlaumu Mchina wala Mzungu. Ndiyo maana hatutaki dai letu ligeuke chuki kwa wageni. Fundi Mchina aliyeacha mtoto wake mbali ili apate riziki ni mfanyakazi kama sisi. Hatuombi ashushwe. Tunaomba kipimo kiwe kimoja.

Tufanye nini basi? Tuanze na yaliyo mikononi mwetu. Kila shirika la parokia liwe na watu wawili watatu waliosoma Sheria ya Kazi na wanaoweza kumweleza kijana mambo haya. Mkataba wa muda maalumu hauruhusiwi kupita miaka miwili, wala mfanyakazi hawezi kufungwa kwa mikataba ya namna hiyo zaidi ya miwili na mwajiri yule yule. Kibarua wa siku kwa siku aliyekwisha kufanya kazi siku 22 katika miezi miwili, akiajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wake mpya huhesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo. Mwenye mgogoro aanze kwa mkaguzi wa kazi, na asipopatanishwa ndipo aende mahakamani. Asikawie, kwa sababu haki ya kudai mshahara ina muda wake. Wengi wanaonyanyaswa hawajui hata moja ya haki hizi, na asiyejua haki yake hushukuru kwa kuporwa.

Pili, tujiunge na vyama vya wafanyakazi, tena tuvisafishe. Chama ambacho viongozi wake hulipwa bahasha na mwajiri hakina tofauti na kutokuwa na chama. Tatu, tudai kwamba makampuni yatangaze ngazi za mishahara yao, kazi kwa kazi, kwa wenyeji na kwa wageni. Anayepima kwa haki haogopi kuonyesha mizani yake. Nne, shule na zahanati zilizo chini ya majina ya watakatifu wetu ziwe za kwanza kutoa mfano, ili tusihubiri nje jambo ambalo ndani hatulitendi.

Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira waliowanyima wavunaji unapiga kelele, na vilio vya wavunaji hao vimefika masikioni mwa Bwana. Hakusema kwamba wavunaji peke yao ndio wanaolia; alisema ujira wenyewe nao unapiga kelele. Wavunaji wanaweza kuchoka, kutishwa au kuzoea. Ujira haunyamazi.

Kwa mikutano ya mashirika yetu mwezi huu, tunapendekeza maswali matatu:

1. Mahali unapofanya kazi, kuna watu wanaofanya kazi sawa na kulipwa tofauti? Tofauti hiyo inapewa jina gani?

2. Sisi wenyewe tunapomwajiri mtu, awe mtumishi wa nyumbani, mlinzi au kibarua wa shamba, tunampima kwa kopo lipi?

3. Nani kati yetu atapewa kazi ya kusoma Sheria ya Kazi na kuwaeleza wengine, na atatuletea taarifa lini?